Wiki moja kwa pikipiki Oman: Maskati, Nizwa, mchanga wa Sharqiya na pwani ya Sur

Kila msimu wa baridi ukikaribia maswali ni yale yale. Petroli itatosha? Pikipiki yangu ya lami itaingia mchangani? Nipange kilomita ngapi kwa siku? Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi Oman, au unayekuja kuwatembelea jamaa zako huku, unayeendesha vizuri barabarani lakini hujawahi kuipeleka pikipiki jangwani. Njia yenyewe ni mduara wa kama kilomita 1,000 kwa siku saba: Maskati, Nizwa, Bidiya, Al Ashkharah, Ras al Jinz, Sur, kisha Maskati tena. Karibu yote ni lami nzuri. Mchanga ni siku moja tu, na siku hiyo moja ndiyo inayowashinda wengi.

Safari hii ipange kwa saa za jua na nguvu za mwili, umbali uje baadaye. Kilomita 200 za lami zinaisha kwa saa mbili na nusu. Kilomita 15 za mchanga zinaweza kumaliza asubuhi nzima, na wewe ukaisha pamoja nazo.

KABLA HUJAANZA

Msimu. Katikati ya Novemba hadi mwanzo wa Machi. Kiangazi joto la bara hupita nyuzi 45, na upepo wa moto ukipiga kwenye koti na kofia haupozi mwili, unaukausha. Usijaribu kiangazi, hata kama mwenzako anasema amezoea. Usiku wa Januari jangwani, kwa upande mwingine, ni baridi ya kutafutia sweta.

Pikipiki. Inayofaa zaidi ni ya njia mbili, yaani ya lami na vumbi, ya cc 250 hadi 700. Kama yako ni nzito, kilo 220 na kuendelea, au ni ya lami tupu, safari bado ipo: iache Bidiya na uingie mchangani kwa gari la kambi ya jangwani. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kuinyanyua pikipiki ya kilo 250 mara kumi kwa siku.

Karatasi. Leseni yenye daraja la pikipiki (ya gari peke yake haitoshi), mulkiya (kadi ya usajili wa chombo), na bima. Mgeni awe na leseni ya kimataifa pamoja na ya kwao. Piga simu kwa kampuni ya bima uulize mambo mawili: inalipa ukianguka nje ya lami? Inakuja kuchukua chombo kikiharibika, na hadi wapi? Kama pikipiki imesajiliwa Imarati, hakikisha bima yake inafanya kazi Oman kabla hujafika mpakani.

Wenzako. Lami unaweza kwenda peke yako. Mchangani nendeni wawili au zaidi, bila mjadala.

Vifaa vya pikipiki:
- tyubu moja ya mbele na moja ya nyuma. Kama nafasi ni ndogo chukua ya mbele tu, maana kwa dharura huingia nyuma pia
- viraka, gundi yake, na vyuma vitatu vya kufungulia tairi
- kompresa ndogo ya volti 12, pampu ya mkono, na kipimo cha upepo
- kichungi cha hewa cha akiba, kilichokwisha kupakwa mafuta na kufungwa kwenye mfuko wa plastiki
- kiungo cha kuungia cheni, kebo ya klachi, mkono wa breki na wa klachi, fyuzi
- spana za boliti za pikipiki YAKO. Fungua kila kitu nyumbani kwa spana hizo hizo utakazobeba
- kibao au bati la sentimita 10 kwa 10 la kuwekea stendi, vinginevyo stendi itazama na pikipiki italala
- kamba ya kuvutia ya mita 5, tepu, waya laini, gundi ya chuma

Vifaa vya mwili: kofia ngumu, miwani ya kuzuia mchanga, koti lenye matundu ya hewa, buti linalopita kifundo cha mguu, glavu, kilemba au mtandio wa kufunika shingo. Ongeza chumvi za kurudisha maji mwilini, zile pakiti za ORS, zisizopungua sita.

HATUA KWA HATUA

1. Ondoka Alhamisi.

Wikendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Ukiondoka Alhamisi unalala Nizwa na kuamkia mnada wa mifugo wa Ijumaa, ambao huanza asubuhi na mapema, na ikifika saa tatu mbuzi wameshachukuliwa. Faida kubwa zaidi ni kwamba unafika mchangani Jumapili, magari ya vijana wa wikendi yakiwa yameshaondoka. Kukutana na gari linalopaa juu ya tuta wakati wewe unapanda kwa upande wa pili ni hatari ya kweli.

2. Andika mpango wa siku, na uache nafasi.

Alhamisi: Maskati hadi Nizwa, kama km 165
Ijumaa: Nizwa, Bahla na ngome ya Jabrin, kurudi Nizwa, kama km 100
Jumamosi: Nizwa, Sinaw, Ibra, Bidiya, kama km 200
Jumapili: mchangani, km 20 hadi 40
Jumatatu: Bidiya, Al Kamil, Al Ashkharah, kama km 150
Jumanne: Al Ashkharah hadi Ras al Jinz, kama km 90
Jumatano: Ras al Jinz, Sur, Maskati, kama km 250

Utaona siku ni fupi, na zimefupishwa makusudi. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na pikipiki iwe imeegeshwa saa kumi na moja. Ukipata hitilafu popote kabla ya Jumapili, siku ya mchanga ndiyo inayokatwa. Usikate Jumanne ukidhani utafidia Jumatano: utajikuta unakimbiza kilomita 340 za pwani ukiwa umechoka.

3. Fanya hesabu ya petroli na maji.

Chukua lita za tanki, zidisha kwa kilomita ambazo pikipiki yako inakwenda kwa lita, kisha uhesabu theluthi mbili tu. Tanki la lita 14 kwa km 25 kwa lita linatoa 350; wewe hesabu 230. Kwenye mduara huu vituo vipo Nizwa, Sinaw, Ibra, Bidiya, Al Kamil, Jaalan, Al Ashkharah, Sur na Qurayyat, kwa hiyo hesabu hiyo inakutosha bila dumu. Kubeba lita 10 za ziada ni karibu kilo 8 zilizokaa juu na nyuma, mahali pabaya kuliko pote ukiingia mchangani. Mchangani ulaji hupanda kwa nusu: kwa kilomita 40 weka lita 3 akilini. Jaza tanki Bidiya kabla ya kuingia, na ujaze tena Al Ashkharah hata kama limepungua robo tu.

Gharama isikutishe. Lita ya petroli ya M95 iko chini ya baisa 250, kwa hiyo mduara mzima kwa pikipiki ya kawaida hauvuki rial 10 za mafuta.

Maji: lita 4 kwa siku kwenye lami, lita 6 siku ya mchanga, na lita 2 za akiba zisizoguswa. Kunywa kidogo kidogo kila nusu saa. Ukisubiri kiu, umeshachelewa.

4. Ihudumie pikipiki wiki mbili kabla.

Wiki mbili zinakupa muda wa kuagiza kipuri na kuendesha kama kilomita 200 za majaribio. Badilisha oili na kichungi chake. Kagua pedi za breki, beringi za magurudumu, na spoketi. Meno yakianza kuchongoka kama ya papa, badilisha pamoja na cheni. Cheni ilegee sentimita 3 hadi 4, ipimwe ukiwa na mizigo juu, kwa sababu uzito huikaza. Betri inayowaka kwa kusitasita nyumbani itakataa kabisa kwenye baridi ya alfajiri Bidiya.

Tairi jipya lifunge mapema, lilainike kwenye hizo kilomita za majaribio. Kosa la kawaida ni kufunga tairi la mchanga lenye vinundu vikubwa kwa ajili ya siku moja, halafu kuendesha kilomita 960 za lami kwenye tairi linalovuma na kuteleza kwenye kona. Tairi la nusu kwa nusu linatosha.

5. Funga mizigo mepesi, chini na mbele.

Kilo 20 jumla, kwenye mifuko laini. Masanduku ya bati yanavunja miguu: mchangani mguu hushuka chini ghafla, na sanduku huja nyuma yake. Maji na vyuma viwe chini karibu na injini, nguo juu. Jaribio rahisi: laza pikipiki yenye mizigo yote uani kwako, kisha uinyanyue peke yako. Ikikushinda hapo, toa vitu.

6. Lami: Maskati, Nizwa, hadi Bidiya.

Upepo wa tairi fuata kitabu cha pikipiki, kwa kawaida PSI 29 mbele na 33 hadi 36 nyuma, ukipima asubuhi tairi likiwa baridi. Barabara kuu kikomo ni kilomita 120 kwa saa na kamera ni nyingi. Nenda 100. Katika bonde la Samail upepo hukupiga kwa ubavu kila ukitoka nyuma ya jabali au lori. Legeza mikono, bana tanki kwa magoti, acha pikipiki iyumbe kidogo.

Kutoka Sinaw kuelekea Bidiya anza kutazama ngamia. Ukimwona mmoja kavuka, yupo wa pili nyuma yake. Usiku huwezi kumwona kabisa: miguu yake ni myembamba na mwili uko juu ya taa yako, ndiyo maana ukimgonga anakuangukia kifuani. Usiku usiendeshe. Hakuna kinachokusubiri kitakachozidi hilo.

Ukipita Ibra na vijiji vyake, simama kunywa kahawa. Familia nyingi zenye ndugu Unguja na Pemba asili yao ni huku Sharqiya, na si ajabu mzee akakujibu kwa Kiswahili kizuri kuliko chako.

7. Mchangani.

Mchanga huu, ambao wengi bado wanauita Wahiba, una urefu wa kama kilomita 180 kutoka kaskazini hadi kusini. Matuta yake yamelala kaskazini-kusini, na kati yake kuna vichochoro vipana vyenye njia za magari. Wewe utakaa kwenye vichochoro hivyo, upande wa Bidiya. Kuuvuka wote hadi baharini ni kazi ya msafara wa magari yenye mafuta na mwongozaji.

Ingia saa moja asubuhi. Mchanga uliopoa na kunywa umande hushika. Ikifika saa tano umekuwa unga. Fanya hivi kwa mpangilio:

a) Mwisho wa lami shusha upepo hadi PSI 18 mbele na nyuma. Ukizama mara kwa mara shuka hadi 15. Kama tairi ina tyubu na rimu haina kishikizo cha kulibana tairi, usishuke chini ya 15: tairi huzunguka kwenye rimu na kung'oa mdomo wa tyubu.

b) Zima breki za ABS na kizuizi cha kuteleza kwa gurudumu la nyuma, kama pikipiki inavyo. Kizuizi hicho hukata nguvu pale pale unapoihitaji.

c) Simama kwenye vikanyagio, makalio nyuma, macho mita 30 mbele. Ukilitazama gurudumu la mbele utalifuata linakozama.

d) Ondoka kwa gia ya kwanza polepole, ingia ya pili mara moja, kisha ya tatu. Mwendo wa 35 hadi 50 ndio unaoielesha pikipiki juu ya mchanga. Hendeli itacheza, iache icheze. Hofu ikija mkono wako utataka kufunga gesi. Ukifunga, uzito wote unaangukia mbele na gurudumu linazama. Ongeza kidogo badala yake.

e) Breki ya mbele isahau. Kusimama, achia gesi, mchanga utakusimamisha wenyewe. Simama kwenye mteremko au penye majani, uso wa pikipiki ukielekea chini, ili kuondoka kuwe rahisi.

f) Tuta usilolijua lipande kwa miguu kwanza. Upande wa pili mara nyingi ni ukuta laini unaoporomoka.

g) Kila dakika 20 pumzika, hata kama unajisikia vizuri. Watu huanguka saa ya pili, miguu ikishachoka.

Ikifika saa nne na nusu, toka. Rudisha upepo kabla ya kukanyaga lami: tairi la PSI 15 likikimbizwa 100 hupata moto na kupasuka. Jioni badilisha kichungi cha hewa na ufute cheni kwa kitambaa kikavu. Usiipake grisi nzito humo. Mchanga na grisi hugeuka msasa, na spoketi mpya huliwa upesi. Dawa ya nta ndiyo inayofaa.

8. Pwani: Al Ashkharah hadi Ras al Jinz.

Hapa hatari inabadilika. Upepo wa bahari unamwaga mchanga barabarani, tabaka jembamba lisiloonekana hadi uko juu yake. Likitokea kwenye kona: simamisha pikipiki wima, gesi ile ile, usiguse breki. Usishuke ufukweni kwenye ardhi nyeupe, tambarare na yenye kung'aa. Hiyo ni sabkha, ganda la chumvi juu ya tope. Linabeba mtu na linameza pikipiki hadi kwenye injini.

Kasa wa kijani hutaga Ras al Jinz mwaka mzima, ingawa msimu wa baridi ni wachache. Kuwaona ni usiku, kwa kiongozi wa hifadhi, na nafasi iwekwe mapema. Usipige kambi kwenye fukwe zao wala kuwasha taa huko.

Kila jioni ya pwani mwagia pikipiki maji baridi kutoa chumvi. Tumia ndoo au mpira wa kawaida; mashine ya maji ya nguvu husukuma chumvi na mchanga ndani ya beringi.

9. Sur na kurudi.

Sur inastahili saa mbili. Fatah al-Khair, jahazi lililojengwa hapo hapo mwaka 1951, limewekwa wazi kwa watu kulitazama, na ni majahazi ya namna hiyo yaliyokuwa yakishuka na kaskazi hadi Unguja. Kisha chukua barabara ya pwani kupitia Qalhat, alikopita msafiri wa kale Ibn Battuta baada ya kutoka Kilwa, na Tiwi hadi Qurayyat. Ni pana na nyororo, nayo inakuvuta kukimbiza. Kumbuka hii ni siku ya saba.

Wingu likitanda milimani, hata kama ulipo ni pakavu, usisimame ndani ya wadi (bonde la mto mkavu) wala kulala humo. Maji huja kutoka mbali. Kwenye vivuko vya wadi kuna nguzo zenye rangi: maji yakifika kwenye nyekundu, simama. Kuvuka wadi inayotiririka ni kosa la jinai Oman, na maji ya magotini yanatosha kuiangusha pikipiki.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Gurudumu la nyuma limezama. Zima mara moja. Kila sekunde ya gesi ni sentimita nyingine chini. Ilaze pikipiki ubavu, jaza shimo kwa mchanga, inyanyue, igeuze kuelekea mteremko. Washa, gia ya kwanza, tembea kando yake ukisukuma, panda ikishatembea.

Imeanguka, sasa haiwaki. Zima ufunguo kwa nusu dakika kisha ufungue tena, maana pikipiki nyingi hukata umeme zikilala. Angalia swichi nyekundu ya kuzimia. Piga piga swichi ya stendi kutoa mchanga. Kama ni ya kabureta, imejaa mafuta: fungua gesi yote, piga stata bila kuachia gesi.

Harufu ya kuungua, injini inalia lakini haiendi. Klachi imepata moto. Pumzika nusu saa na uilegeze kebo kidogo. Ukiendelea kubana nusu nusu utairudisha juu ya gari.

Injini imechemka. Iegeshe ikitazama upepo na uisubiri. Usimwage maji juu ya chuma cha moto, wala usifungue kifuniko cha rejeta.

Pancha ndani ya mchanga. Tandika turubai kwanza. Punje moja ikibaki kati ya tyubu na tairi itatoboa tena kabla ya jioni. Ikiwa umebakiwa na kilomita mbili tatu hadi lami, endesha polepole hivyo hivyo: rimu haiumii sana kwenye mchanga.

Breki zinalia asubuhi pwani. Ni kutu jembamba la chumvi kwenye diski. Ikandamize mara tano sita kwa mwendo mdogo. Zikiendelea kulia, toa pedi uzisafishe.

Mwenzako ana kichwa kizito, anaongea hovyo, ngozi imekauka. Hilo ni joto, na linaua. Kivuli, vua koti, lowesha nguo na shingo, mpepee, mpe maji kama anaweza kumeza. Piga 9999 na utaje mahali mlipo kwa namba za GPS.

Umepotea na simu haina mtandao. Kaa na pikipiki, panda tuta lililo karibu ujaribu simu tena. Ramani uwe umeipakua kabla. Kama mafuta na nguvu zipo na jua bado liko juu, fuata kichochoro kuelekea kaskazini bila kukata matuta: kitakutoa upande wa Bidiya. Saa kumi ikipita, simamisha msako wa njia, funika kichungi na ekzosi, vaa kila ulichonacho, ulale hapo hapo hadi mapambazuko.